Darasa la wajawazito: lifundishe nini, na limfundishe nani?

Katika miji mikubwa ya Tanzania madarasa ya wajawazito yamekuwa huduma ya kulipia. Zipo hospitali binafsi zinazofundisha mwisho wa wiki, wapo wakunga wenye makundi yao ya WhatsApp, na yapo masomo ya Zoom ya usiku ambapo mke na mume wanasikiliza pamoja namna ya kuvuta pumzi uchungu ukishika. Huko kwingine, kwa walio wengi, darasa ni lile la benchi la kliniki, kabla ya kupimwa presha na kuchomwa sindano ya pepopunda.

Wanaoyatetea madarasa wanasema mzazi aliyeandaliwa haogopi ovyo, anafika kituoni kwa wakati, na mtoto anapata mwanzo mzuri. Wanaoyatilia shaka wanajibu kwamba tatizo la leba zetu halikuwa ujinga wa mama. Tatizo ni mkunga mmoja kwa wazazi wengi, damu isiyopatikana, chumba kisicho na pazia. Basi fedha iende huko kwanza. Nawaelewa wote wawili, na nitasema mwishoni naegemea wapi. Lakini mabishano haya yanaruka swali linalonisumbua zaidi: ni nani hasa anafundishwa, na anafundishwa kwa namna gani?

Nenda kliniki ya mama na mtoto saa mbili asubuhi uone. Muuguzi amesimama mbele ya mabenchi, anaonyesha picha kwenye chati, anataja dalili za hatari moja baada ya nyingine: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Akina mama wanaitikia kwa pamoja. Pale mezani mwenzake ameshaanza kuita majina ya kupima uzito. Kila jina likiitwa mmoja anainuka na kadi yake, anapenya katikati ya miguu ya wenzake, na somo linamkatikia hapo. Aliyecheleweshwa na daladala anakuta wameshafika kwenye chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Maswali ni machache, na wanaouliza ni wale wenye mimba ya tatu au ya nne. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, kakaa pembeni na mama mkwe wake, haulizi kitu.

Huyo binti ndiye ninayemfikiria kila ninaposoma takwimu za uzazi. Akitoka pale atakuwa amehesabiwa kwamba kapewa elimu ya afya. Kichwani ana orodha ya maneno, na moyoni ana maswali ambayo hakuthubutu kuyatoa: chupa ikipasuka nikiwa peke yangu nyumbani nifanye nini? Je, ni kweli wataniongezea njia bila kuniambia? Ile dawa aliyoniletea shangazi, ya kuharakisha uchungu, niinywe lini?

Tukisema madarasa yanasaidia, tuseme kwa ushahidi, na ushahidi una pande mbili. Mwaka 2007 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 9 yenye wanawake 2,284 kuhusu masomo ya kuandaa wazazi kwa kujifungua na malezi. Walihitimisha kwamba faida zake kwa ujumla bado hazijulikani. Majaribio yalikuwa madogo, kila moja likipima jambo lake. Mtu anayeshikilia mfuko wa halmashauri ana haki ya kuuliza kwa nini alipie kitu cha namna hiyo.

Lakini kuna ushahidi mwingine, na huu haukutoka kwenye kumbi zenye mazulia. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jumla ya majaribio 7 ya vikundi vya wanawake huko Bangladesh, India, Malawi na Nepal, yakihusisha zaidi ya watoto 119,000 waliozaliwa. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa takriban moja ya tano. Pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walijiunga, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vikundi hivyo kwa maeneo ya vijijini yenye huduma duni.

Tazama walichokifanya wanawake wale. Hawakukalishwa kusomewa chati. Walikaa pamoja wakataja matatizo yanayowaua wao na watoto wao pale kijijini, wakachagua ya kuanza nayo, wakatafuta njia: mfuko wa dharura, usafiri wa kumkimbiza mzazi, makubaliano kuhusu nani atabaki na watoto wengine. Mkutano uliofuata waliulizana kama yamefanyika. Nadhani hapa ndipo tofauti ilipo. Kumwambia mama "wahi hospitali" ni jambo moja. Kukaa naye hadi ajue ni bodaboda ya nani atakayoipigia saa nane usiku, na nauli iko kwenye pochi gani, ni jambo jingine kabisa.

Njia ya katikati ipo, nayo ni kliniki ya kikundi. Ilianzia Marekani miaka ya 1990 kwa mkunga Sharon Schindler Rising. Wajawazito wachache wenye mimba za umri unaokaribiana wanapangiwa siku moja, wanakaa duara, wanajipima wenyewe uzito na presha, kisha wanazungumza mkunga akiongoza. Wazo hili limejaribiwa Tanzania, Malawi, Kenya, Nigeria na Rwanda. Nchini Nigeria wanawake wa vikundi walijifungulia kituoni kwa wingi kuliko wenzao wa kliniki ya kawaida. Kenya tofauti hiyo haikuonekana. Rwanda waliijaribu katika vituo 36 vya afya wakitarajia watoto watafikisha umri mkubwa zaidi tumboni kabla ya kuzaliwa. Haikutokea. Naliweka hili wazi kwa sababu wapenzi wa madarasa, nami nikiwa mmoja wao, tuna tabia ya kuyabebesha mzigo usio wao. Mazungumzo hayazuii kila mtoto njiti. Mazungumzo yanaweza kumfanya mama asiinywe ile dawa ya shangazi.

Kuhusu dawa hiyo, niseme kidogo, kwa kuwa ni mahali ambapo elimu ya benchi inashindwa waziwazi. Mitishamba ya kuongeza uchungu inatumika mjini na kijijini, na inaletwa na watu wanaompenda mzazi. Baadhi inakaza mji wa mimba kwa nguvu kupita kiasi, mtoto anakosa hewa, na mji wa mimba unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa operesheni au akiongezewa dripu ya uchungu na mkunga asiyejua kilichokwisha kunywewa. Muuguzi akiuliza mbele ya mabenchi "nani ametumia miti shamba?" hakuna mkono utakaonyooka. Katika kikundi cha watu wanane waliokutana mara nne, mmoja atasema, na wa pili atasema "hata mimi". Ukweli wa aina hiyo haupatikani kwa njia nyingine ninayoijua.

Sasa upande wa leba, ambako wenye shaka wana hoja nzito. Utamfundisha mama kwamba anaweza kutembea, kubadili mkao, kuomba maji, kuwa na mtu wa karibu. Kisha anafika wodini anaambiwa apande kitandani alale, ndugu abaki nje ya geti. Kuwa na msindikizaji si anasa: uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017, wenye majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kuwa mwenye mtu wa kumtia moyo muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, operesheni chache, na uchungu wa muda mfupi. Ushahidi huo una nguvu kuliko wa darasa lolote. Hapa kwetu shirika la Thamini Uhai lilijaribu mpango wa wasindikizaji mkoani Kigoma, katika vituo vya umma vya kawaida, na likaonyesha kuwa inawezekana.

Darasa lisilofuatwa na wodi linazaa uchungu wa aina nyingine. Mama aliyejifunza haki zake na akanyimwa anarudi nyumbani na hasira. Na yule aliyeaminishwa kwamba akipumua vizuri atajifungua kawaida, halafu akaishia kwenye operesheni, anarudi akijilaumu. Nimewasikia wanawake wakisema "nilishindwa" juu ya operesheni iliyowaokoa wao na watoto wao. Madarasa ya kulipia yanayouza uzazi wa kawaida kama tuzo ya mwanamke mwenye bidii yanapaswa kukemewa kwa hilo.

Hata hivyo, mwenye shaka akisema darasa lisubiri hadi leba zitengenezwe, simfuati, na sababu yangu ni takwimu mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015–16. Katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wachanga, wa chini ya siku 28, vilitoka 25 kwenda 24 kwa kila vizazi hai 1,000. Karibu havikusogea. Akina mama wengi zaidi wanajifungulia vituoni na hilo ni jambo la kushukuru. Mtoto naye anaruhusiwa kurudi nyumbani, mara nyingi baada ya siku moja, na huko nyumbani kuna nguvu ambazo kliniki haijawahi kuzungumza nazo.

Mwenye nguvu huko ni bibi. Tumetumia miaka mingi kumtafuta baba, na baba anahitajika: ndiye mara nyingi mwenye pesa na mwenye neno la mwisho kuhusu rufaa. Lakini tumemtafuta vibaya. Kuna vituo ambako mwanamke asiyekuja na mwenza anatakiwa kwanza alete barua ya mwenyekiti wa mtaa, na aliyeachwa na mimba anafedheheka mara mbili. Baba mwenyewe, akishakuja, hukalishwa nje akisubiri kupimwa VVU, basi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa likizo ya uzazi ya siku 3. Siku ya nne anarudi kazini, na mzazi anabaki na mama yake au mama mkwe hadi arobaini.

Arobaini hiyo ina hekima ambayo madarasa ya kisasa yangepaswa kuiheshimu. Mzazi hatumwi maji, hapiki, anapikiwa mtori na uji wa pilipili manga, mtoto anapokezanwa mikononi ili mama alale. Kwa mwanamke anayenyemelewa na sonona baada ya kujifungua, nyumba yenye watu ni kinga ya kweli, na wale wanaolea peke yao katika vyumba vya kupanga vya Dar es Salaam wanaikosa. Ndani ya arobaini hiyo hiyo kuna kukandwa kwa maji ya moto juu ya kidonda cha operesheni, kuna vitu vinavyopakwa kitovuni, kuna maziwa ya kwanza ya manjano yanayokamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa machafu, kuna maji ya sukari kwa mtoto wa siku tatu "anayelia njaa". Binti wa miaka 19 anaweza kuwa ameyasikia yote haya kliniki. Hana uwezo wa kumwambia mama mkwe "usimkande hapo". Kumfundisha yeye peke yake na kumwacha bibi ni kumpa ugomvi asioweza kuushinda.

Mwenye shaka ataniuliza muda utatoka wapi. Muda upo kwa sehemu: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 badala ya 4, na muuguzi anarudia maneno yale yale kwa mama mmoja mmoja siku nzima. Ukiwapanga kwa vikundi, baadhi ya dakika hizo zinarudi. Lakini kikundi kinahitaji chumba, siku isiyobadilika, na mkunga asiyeitwa leba katikati ya mazungumzo. Zahanati yenye muuguzi mmoja haiwezi, na hapo nakubaliana na wapinzani bila kusita: shilingi ya kwanza imwajiri mkunga wa pili.

Kwenye vituo vyenye wakunga wa kutosha ningeanza na mahudhurio mawili tu. La kwanza, karibu na mwezi wa saba, liwe la mama na yeyote atakayemsindikiza, awe mume, dada au jirani. Wapelekwe leba waione, waonyeshwe kitanda na mlango wa kuingilia usiku, waambiwe bila kuficha ni vifaa gani watatakiwa kuja navyo, na kila mmoja aondoke akiwa ameihifadhi kwenye simu namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama. La pili, mwezi wa tisa, aalikwe atakayekaa na mzazi siku arobaini. Akija huyo bibi asihutubiwe. Aulizwe kwanza yeye aliwalea vipi watoto wake, wangapi walinusurika, na alipompoteza mmoja aliona dalili gani. Mtoto aliyeacha kunyonya, aliyepoa mwili, anayehema haraka, kifua kikibonyea: anazijua, aliziona kabla hatujachora chati. Mkunga akishamsikiliza, ndipo amwonyeshe namna ya kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, na amwombe kuhakikisha mzazi anarudi kliniki siku ya 7, ya 28 na ya 42.