Historia ya Timu ya Chuo Iko Kwenye Karatasi ya Njano

Chuo kidogo hapa Nairobi kikitaka kuandika historia ya michezo yake, mtu wa kwanza kutafutwa ni mwenye ufunguo wa kabati la vikombe. Ni kupoteza muda. Kikombe hakisemi nani alicheza, na mara nyingi hata kibao chake kimeshang'oka.

Tafuteni karatasi za matokeo. Kwa utaratibu wa FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, nakala ya waridi huchukuliwa na timu iliyoshinda, ya njano huenda kwa iliyofungwa. (Tusidanganyane: faili la chuo kidogo huwa la njano tupu.) Ya njano ndiyo nakala ya chini kabisa, kalamu haikuifikia vizuri, na ikikaa karibu na dirisha maandishi hupauka. Ipigeni picha kabla ya kuanza kuisoma. Mstari wa mshazari juu ya hesabu ya pointi ni kikapu, doa jeusi ni mtupo huru, na namba ya mchezaji iliyozungushiwa duara ni pointi tatu. Msijumlishe pointi kwa namba ya jezi. Zamani zilivaliwa 4 hadi 15 tu, kwa hiyo "namba 9" wa miaka mitano anaweza kuwa watu watatu. Fuateni jina.

Tena mstari wa pointi tatu uliingia kwenye kanuni za FIBA mwaka 1984, mita 6.25 kutoka kikapuni, ukasogezwa hadi 6.75 mwaka 2010. Mfungaji wa 1982 aliyetupa kutoka mbali alipewa mbili. Kumpanga orodha moja na wa leo ni kumwonea.

Kwenye riadha ndiko ubao wa rekodi unakodanganya zaidi. Mita 100 kwa sekunde 10.8 za saa ya mkono si bora kuliko 10.95 za mtambo wa elektroniki: muda wa mkono huongezwa 0.24, ikawa 11.04. Mpima saa aliye kwenye utepe anapaswa kubonyeza akiona moshi wa bastola. Akingoja mlio, sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kumfikia, na mkimbiaji amepewa zawadi. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, si rekodi. Mkuki wa wanaume ulibadilishwa umbo mwaka 1986, wa wanawake 1999, hivyo kila mkuki uwe na orodha yake.

Na mwinuko je? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa nyepesi humsaidia wa mbio fupi (sekunde 9.77 za Omanyala katika mita 100 zilipatikana Kasarani mwaka 2021) na kumkaba wa mita 5,000. Andikeni uwanja kando ya kila muda.

Jambo la mwisho ni majina. Kenya Polytechnic ya 1961 ndiyo Technical University of Kenya tangu 2013. Chuo chenu nacho kikiwa kimebadilisha jina, tafuteni magazeti na faili kwa lile lililokuwa kifuani mwa jezi siku ile, la sivyo mtaambiwa timu haikuwahi kuwepo.