Orodha ya DNA si ugunduzi

Juzi kwenye mjadala wa fedha za utafiti, msomi mmoja mzito aliuliza kwa nini tumlipe mtu aoteshe kuvu za barafuni, wakati siku hizi unachota theluji, unasoma DNA na kupata orodha nzima ya kuvu zilizomo. Ukumbi ukamuunga mkono. Nilikereka, na mpaka leo sijapoa.

Orodha hiyo haikwambii nani yuko hai! Baridi huhifadhi DNA, na upepo huleta spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, kutoka mbali. Kuvu iliyokufa zamani na ile inayoishi palepale, mashine inazisoma zote. Ukitaka ukweli, iotesheni: inakua kwenye nyuzi joto 4? Inagoma kwenye 25? Inakula nini, inazaaje?

Ichukueni Cryomyces antarcticus, inayoishi ndani ya mawe ya mchanga ya mabonde makavu ya McMurdo, Antaktika. Ukipasua jiwe la huko, chini kidogo ya ganda unakuta mkanda mweusi, halafu mweupe, halafu wa kijani. Maabarani kuvu hii inakua polepole mno. Unangoja miezi kupata vidoa vyeusi vya milimita chache. Mtafiti wa kuvu Laura Selbmann na wenzake waliipa jina rasmi mwaka 2005. Na kwa sababu ilikuwepo, hai, ikapelekwa nje ya kituo cha kimataifa cha anga za juu, ikakaa huko mwaka mmoja na nusu, na baadhi ya seli zake zikaota tena ziliporudi. Orodha ingepeleka nini?

Hamira iliyojulikana kama Candida antarctica nayo ilitoka huko, na leo kimeng'enya chake kinafanya kazi viwandani.

Haya, kuotesha ni ghali, na kuvu nyingi hazikubali kabisa. Hilo silipingi.

Lakini Kilimanjaro imeshapoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912, na Rwenzori na Mlima Kenya hazina nafuu. Kisichooteshwa sasa hakitapata nafasi ya pili. Na hata kikioteshwa, umeme ukikatika siku mbili mfululizo, friji inapata joto na kazi ya miezi inaoza. Kwa hiyo fungu la kwanza linunue friji na jenereta, limwajiri na kijana wa kuzitunza sampuli kwa mshahara wa kudumu. Mashine ya DNA ipange foleni nyuma yao.