Mombo–Soni–Lushoto: kupanua au kufungua njia ya pili?

Kila mvua kubwa inapoporomosha mawe kati ya Mombo na Soni, kwenye barabara ya kupanda Lushoto mkoani Tanga, kilio cha kwanza ni barabara ipanuliwe. Anayehoji huambiwa hataki maendeleo ya Lushoto. Anaonewa.

Wanaotaka upanuzi wana hoja. Basi na Fuso zikikutana kwenye kona za korongo lile, mojawapo hurudi kinyumenyume huku gurudumu likichungulia mtoni. Njia ilichongwa enzi za Mjerumani, aliyeuita mji wa Lushoto Wilhelmsthal, na malori ya leo hayakuwa kwenye hesabu zake. Tena kupanua hakuna fidia nyingi za mashamba.

Tatizo ni mlima wenyewe. Katika kilomita zipatazo 32 barabara inapanda karibu mita 1,000, mwamba upande huu, mto upande ule. Ukitaka kuongeza upana unakata mguu wa mteremko, pale pale panapoushikilia udongo wa juu. Na kifusi? Kikimwagwa mtoni kitateremka hadi kwenye mifereji ya mpunga ya Mombo. Halafu mwamba ukianguka, barabara ya mita nane itafungwa kama ya mita sita.

Barabara ikifungwa, anayeumia ni mkulima. Karoti iliyong'olewa jana haisubiri greda. Kabichi ikilala njiani, mnunuzi wa Dar es Salaam anakata bei, msafirishaji anadai nauli ile ile, na hasara yote inamshukia mama mwenye shamba la robo eka. Msimu ujao dalali anaanza chini tena, eti njia mbovu, hata kama ni kiangazi! Mgonjwa wa rufaa anayepelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, naye azungushwe Bumbuli hadi Korogwe?

Ndiyo maana wanaodai njia ya pili, ya Dochi–Ngulwi–Mombo, wasikilizwe kabla fedha hazijaenda kwenye upanuzi. Ni kweli, nayo itakata mteremko, na mvua moja yaweza kuziziba zote mbili. Ila jiwe moja haliangukii barabara mbili. Hii ya Soni iwekewe mitaro ya maana, gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe), na makalavati yazibuliwe kabla ya masika. Kona zile mbaya kabisa zipanuliwe, moja moja, baada ya mwamba kupimwa.