Ukuta Umekataa Kuoana na Makochi

Mimi najua rangi tano. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na ile ya chai. Kwa hizo tano nimesoma, nimeoa, nimelea watoto watatu na kujenga kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia hapa Lanet, Nakuru, na sijawahi kupotea njia. Kumbe nilikuwa kipofu anayejitembeza.

Ilianza na simu ya mama mkwe, mwezi wa nne, mvua ikiwa imepamba moto. Anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi nikawaza kuku. Mke wangu akautazama ukuta wa sebule, ukuta ambao haujamkosea mtu tangu tuhamie, akasema, "Baba Kevo, huu ukuta hauoani na makochi."

Nikamuuliza hao wawili wamechumbiana tangu lini. Hakucheka.

Ngoja niwaeleze makochi yenyewe. Ni ya maruni, yana maua ya dhahabu, na tulipewa na huyo huyo mama mkwe siku tulipohamia, kwa hiyo kuyauza ni kurudisha ng'ombe kinyumenyume. Mapazia ni ya dhahabu, yalifuata maua ya makochi. Vitambaa vya kochi ni vyeupe, vimefumwa kwa mkono, na ole wako uegemee kimoja kianguke. Kabati la TV ni kahawia. Hao wote wana wazee wa kuwatetea. Asiye na mtu ni ukuta. Na sakafu. Na mfuko wangu.

Tukaenda mjini. Dukani tukapewa kadi ya rangi, na kwenye hiyo kadi krimu peke yake zilikuwa tisa. Tisa! Nikahesabu tena nikidhani mchapishaji alisinzia. Mke wangu akaonyesha kwa kidole: "Hii ni ya baridi, hii ni ya joto." Nikazigusa zote. Zilikuwa za karatasi. Mwisho nikaona moja ya kunifaa, ina ukahawia kwa mbali, nikasema ndiyo hii. Akanijibu hiyo ni rangi ya meno yangu.

Ni kweli maji ya visima vingi huku Nakuru yana floraidi, na sisi tuliokua tukiyanywa tunatabasamu rangi ya majani ya chai. Lakini hilo si neno la kumwambia mtu mbele ya muuza duka.

Tukatoka mikono mitupu, tukamwita mpwa wangu. Huyu yuko chuo na anajua kila kitu isipokuwa nauli ya kurudi kwao. Akaja na simu, akatuonyesha duara la rangi. Kwa maelezo yake, rangi zimekaa kwa mduara kama watu wa harambee. Majirani hupatana bila fujo, kama maruni na chungwa. Ila zinazokaa kuangaliana ndizo hung'arishana: nyekundu ameketi huku, kijani ameketi kule, na wakikutana kila mmoja humfanya mwenzake ameremete.

"Kwa hiyo dawa ya haya makochi ni kijani, shangazi," akasema.

"Kijani sebuleni? Kwani mimi ni chifu?"

Hapo nilikuwa upande wake. Sote tumekalia benchi kwenye ofisi na zahanati zile, chini kijani cha rangi ya mafuta ili uchafu upanguswe, juu krimu ya rangi ya maji, na ukiona ukuta wa hivyo unaanza kutafuta kitambulisho mfukoni bila kuulizwa.

Mpwa akaleta hesabu nyingine. Sitini, thelathini, kumi. Rangi kuu ichukue asilimia 60 ya chumba, hiyo ni kuta. Ya pili asilimia 30, viti na mapazia. Halafu asilimia 10 ni kijirangi cha kuchangamsha, mto wa kochi hapa, ua pale. Hiyo niliielewa haraka kuliko wote, maana ndivyo mshahara wangu unavyogawanywa. Karo 60, chakula 30, na ile 10 ya kuchangamsha hukatwa kabla haijanichangamsha.

Kisha akatuwekea video ya mama mmoja wa Uingereza, anasema chumba kinachotazama kusini hupata jua mchana kutwa, kinachotazama kaskazini hupata mwanga baridi, basi kipake rangi ya joto. Mke wangu akanituma nje nikaangalie dirisha letu linatazama wapi. Linatazama kaskazini. Akaanza kuhurumia chumba! Nikamwambia, mama, sisi tuko hatua chache kusini ya ikweta. Jua letu mwezi wa sita liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na mwezi wa tatu na wa tisa liko juu ya utosi wa kila mtu bila upendeleo. Huku cha kuogopa ni dirisha la magharibi, saa kumi jioni, ukiwa umelala. Nilijibu vizuri sana siku hiyo. Hakuna aliyenisikiliza.

Ushauri mmoja tu wa yule mama wa video ulikuwa na akili: usichague kwenye kadi, pakaza kidogo ukutani, utazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Tukapakaza viraka saba. Kweli bwana, krimu iliyokuwa na adabu mchana, taa ikiwashwa usiku inakuwa kama uji wa wimbi. Ile tuliyoiita maziwa, asubuhi ilikuwa kijivu. Wiki mbili sebule yangu ilikuwa na madoa kama mtoto mwenye tetekuwanga, na jirani aliyekuja kuomba chumvi alinivuta kando akaniuliza kama nyumba inavuja.

Ikashinda krimu namba nne. Msiniulize ilitofautiana vipi na namba tano.

Ukuta haujavaa bado, sakafu nayo ikadai nguo. Mimi nilipiga simiti yangu, nikaitia oksaidi nyekundu, na kila Jumamosi inapakwa polishi hadi mbu anajitengeneza ndevu humo. Mpwa akasema makochi ya maruni juu ya sakafu nyekundu yamezama, hayaonekani yanapoishia. Nikamwambia aliyewahi kuyakalia anajua yanapoishia. Mke wangu akataka mkeka wa mbao. Hilo jina lina maneno mawili na yote ni ya uongo: si mkeka, si mbao, ni plastiki yenye picha ya mti. Akataka wa rangi ya mwanga ili chumba kionekane kikubwa. Nikauliza tope la mwezi wa nne litakaa wapi. Basi wa giza. Na vumbi la mwezi wa pili je? Sakafu nyeupe humsema aliyetoka nje, nyeusi humsema asiyefagia. Tukachukua wa kahawia iliyofifia, rangi ya vumbi lenyewe, ili likitua lisijue limefika.

Na mkitaka mjue dunia ina mzaha, nendeni Kariandusi, kule Gilgil. Kuna udongo mweupe unachimbwa pale, daiatomaiti, na kazi yake mojawapo ni kutiwa kwenye rangi ili isimeremete. Kwa hiyo huenda nimenunua vumbi la Kaunti ya Nakuru kwenye ndoo, nimelipaka ukutani, na ndugu zake wanaingia dirishani bure kumsalimia.

Fundi naye alipima kwa macho. Akasema ndoo ya lita 20. Mimi nikachukua kalamu. Chumba ni mita 5 kwa 4, kimo mita 2.7, ukizungusha unapata kama mita 48 za mraba. Toa mlango na madirisha, zibaki kama 42. Lita moja hufunika karibu mita 10 kwa koti moja. Koti mbili ni lita 9 hivi. Fundi akatabasamu kama daktari. "Mzee, ukuta unakunywa." Nikanunua 20, ukuta ukavaa makoti mawili, mimi mwenye nyumba sina hata moja, na juzi nimepita kwake nikaona choo cha nje kimependeza. Krimu namba nne. Hiyo ndiyo siku nilipoitambua kwa macho.

Ijumaa jioni, mvua inanyesha, fundi akamalizia milango kwa rangi ya mafuta. Jumamosi saa nne mama mkwe akafika. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi moja, akapiga chafya saba. Harufu hiyo angeivumilia nani? Haraka haraka tukabeba makochi, mimi na mpwa na Kevo, tukayapanga nje chini ya mparachichi, vitambaa na kila kitu. Kuku akaliwa huko. Ukuta hakuuona, mkeka hakuukanyaga. Aliuliza tu kama choo ni kile kile.

Lakini nikiwa na paja mkononi nikatazama, nikanyamaza. Mvua ya wiki tatu ilikuwa imeotesha nyasi, kijani imeiva, na juu yake makochi ya maruni yamewaka kama bwana harusi. Hata maua ya dhahabu nilikuwa nayaona kwa mara ya kwanza. Nikageuza uso polepole, nikiomba niwe peke yangu niliyegundua.

Mke wangu alikuwa ameacha kula. Aliangalia makochi, akaangalia nyasi, akaangalia makochi tena.

"Baba Kevo," akasema, "ile kadi ya rangi uliiweka wapi?"