Gari Lisilokwisha Kutengenezwa

Anayekaa nyumba moja na mtu aliyejipa kazi ya kufufua gari kuukuu anajua kwamba gari hilo halikai gereji peke yake. Kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, hulala juu ya meza ya chakula ikiwa imefungwa kwa gazeti, skrubu zake zimetiwa katika kikombe ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa, na milango iliyong'olewa imeegemezwa mahali ambapo watu wenye akili zao wangeweka kabati. Ukiuliza kazi itakwisha lini, unaambiwa kimebaki kitu kidogo tu.

Kinachoniudhi zaidi si uchafu, bali ni ile imani kwamba gari lililosimama linasubiri. Halisubiri! Petroli iliyoachwa ndani ya tangi huharibika na kuacha utando wa kunata unaoziba vijitundu vya kabureta; mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa hata silinda za breki zikashika kutu kwa ndani; betri isiyochajiwa hufa, sili za mpira zinazozuia mafuta yasivuje hukauka na kupasuka, na pistoni za injini zinaweza kukwama zisisogee tena. Kwa hiyo fundi wetu, akilirudia gari lake baada ya kulisahau kwa miezi kadhaa, hulazimika kuanza kwa kutengeneza yale aliyokwisha kuyatengeneza, na kazi iliyokuwa imefika nusu hurudi robo.

Na katikati ya hayo yote, juzi ameleta gari la pili, eti la kutolea vipuri. Nalo, nimeshamsikia akisema, halijaharibika sana.