Liemba haikuachwa ilivyokuwa, kwa nini garimoshi liachwe?

Ubishi ulianzia kwenye kahawa, kijiweni kwetu Mwanga, hapa Kigoma. Kijana mmoja alikuwa na picha kwenye simu: garimoshi la mvuke limepakwa rangi nyekundu inayong'aa, limesimamishwa juu ya kipande cha reli mbele ya jengo fulani huko ughaibuni, na maua yamepandwa kuzunguka magurudumu. Akasema lingependeza kama hilo likikaa pale stesheni yetu. Mzee aliyeketi pembeni yangu, mstaafu wa reli, akaipokea simu, akaitazama picha, akairudisha.

"Hili limekufa," akasema. "Wamelivika sanda nyekundu tu."

Mimi niko upande wa mzee, tena namzidi. Ikitokea siku injini ya mvuke ya zamani ikarudishwa kwenye Reli ya Kati, kati ya Tabora na Kigoma, nataka itembee. Na ili itembee bila kututia hasara na aibu, nataka mafundi waifungue tumbo na kuibadilisha. Isirudi kama ilivyotoka kiwandani. Irudi ikiwa bora kuliko siku iliyozaliwa.

Najua maneno hayo yanawaudhi wapenzi wa vitu vya kale. Kwao, injini ya 1910 iliyofungwa beringi za kisasa ni sawa na msikiti wa mawe ya matumbawe uliobandikwa vigae vya bafuni. Nawaelewa. Lakini hoja hiyo haisimami Kigoma, na sababu yake ni meli tunayoijua wote.

Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa masandukuni, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa treni. Reli yenyewe ilikuwa bado mbichi: ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Hapa hapa meli ikaungwa upya, ribiti kwa ribiti, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, wakaizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka mitambo grisi nene. Hapo ndipo napapenda kuliko pengine pote katika kisa hiki: watu wanaizika meli yao huku wakiitunza, kama mtu anayefukia akiba uani usiku wa vita. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikisukumwa na mvuke kama mwanzo.

Miaka ya 1970 mvuke ukang'olewa, ikafungwa dizeli. Je, kuna mtu wa Kigoma aliyewahi kusimama gatini akasema hii si Liemba? Akina mama waliopanda nayo na magunia ya dagaa hadi Mpulungu hawakuuliza kinachozungusha rafadha. Waliuliza inaondoka saa ngapi.

Ninachosikitikia kwa Liemba ni hicho kimoja tu: kuiboresha kulimaanisha kuinyang'anya mvuke. Kwenye garimoshi si lazima iwe hivyo. Mvuke wenyewe unaweza kuboreshwa, na wengi wetu hatukuwahi kuambiwa.

Injini nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa fujaji. Katika kila shilingi mia ya makaa au kuni iliyotupwa tanuruni, hata shilingi kumi hazikufika kwenye magurudumu. Nyingine zilipaa na moshi. Na tatizo halikuwa moto peke yake. Mvuke ukishamaliza kusukuma pistoni hutolewa kupitia bomba la moshi, na kule kutoka kwake ndiko kunakovuta hewa na kuchochea moto. Ndiyo ile chuf-chuf tuliyokuwa tukiigiza utotoni. Sasa, tundu la kutokea likiwa jembamba, moto unavutwa vizuri lakini pistoni inashindana na pumzi zake yenyewe. Jaribu kupanda kilima cha Ujiji umefunga mdomo na kuziba tundu moja la pua.

Mfaransa André Chapelon ndiye aliyeishika kazi hiyo kwa uzito wake. Mwaka 1929 alitoa injini namba 3566 ya kampuni ya reli ya Paris-Orléans, ya aina iliyoanza kuundwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa ameijenga upya: njia za mvuke zimepanuliwa, mvuke unakaushwa kwa joto kali zaidi kabla ya kuingia silindani, na bomba la kutolea limebuniwa upya. Nguvu zikapanda kwa zaidi ya nusu. Kwa wanaopenda kufungua boneti za watu: hakuongeza "sisi" (cc, yaani ukubwa wa injini) wala silinda. Alizibua.

Mwanafunzi wake wa mbali alikuwa Livio Dante Porta wa Argentina, na huyu anatuhusu zaidi. Injini yake ya kwanza, iliyokamilika 1949 akiwa hajafika miaka 30, aliijenga kutokana na injini kuukuu ya reli ya upana wa meta moja. Meta moja! Upana uleule unaopita Nguruka na Kaliua. Baadaye akabuni namna ya kuchoma makaa ambayo hewa chache hupita chini ya moto na nyingi huingizwa juu yake, hivyo makaa hayarushwi nje yakiwa hayajaungua.

Kwa mtu wa Tabora hilo si jambo la vitabuni. Makaa yasiyoungua yanayorushwa kutoka kwenye bomba ndiyo cheche, na cheche mwezi wa Septemba katikati ya miombo iliyokauka maana yake ni moto wa siku tatu na mizinga ya watu ya asali imeteketea. Ukiniletea injini "halisi" ya 1910 isiyoguswa, inayotema cheche kama ilivyokuwa ikitema kwa Mjerumani, mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Afrika Kusini walijaribu pia. Mwaka 1981 mhandisi David Wardale aliibadilisha injini moja ya mwaka 1953 kwa kufuata mafunzo ya Porta, akaipaka nyekundu, watu wakaiita Red Devil, yaani Shetani Mwekundu. Ilikula makaa pungufu kwa zaidi ya robo, na nguvu zikaongezeka. Haikuzuia dizeli na umeme kuchukua reli, na sitadanganya kwamba ingeweza. Lakini ilivuta mabehewa kwelikweli, haikupandiwa maua.

Kisha kuna maji. Mzee wa kijiweni ndiye aliyelileta hili, si mimi. Alisema watu huogopa moto wa boila, lakini kinachoiua boila ni maji. Chemsha maji ya kisima kila siku kwenye sufuria moja, utaona ule utando mweupe unavyoganda chini. Sasa fikiria sufuria yenye mabomba mengi yanayopita ndani yake, inayochemka mchana kutwa kwa miaka. Utando ukinenepa, joto halipiti, chuma kinaungua, na boila inaenda karakana. Na nchi tunayoijadili ndiyo hii yenye Uvinza, ambako watu wamechemsha maji wakapata chumvi tangu kabla ya reli. Porta alitengeneza dawa ya maji ya kuzuia utando huo na kulidhibiti povu. Haionekani kwenye picha. Hakuna mtalii atakayepiga selfi na dawa ya maji. Lakini ningeambiwa nichague badiliko moja tu, ningechagua hilo.

Kuhusu cha kuchoma, sitaki kusikia habari za kuni. Miombo ya Tabora imeshabebeshwa kukausha tumbaku na kuchoma mkaa. Wala mvuke haukuwa wa kuni siku zote. Yale majitu ya reli ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1950, daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, yenye tani 250 hivi, makubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya meta moja, yalichoma mafuta. Yalikuwa 34, yamepewa majina ya milima. Mawili yaliyobaki yako kwenye makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, milima yetu yote miwili, na Mpare akienda kuutazama mlima wake anakata tiketi. Tuache hilo. Uswisi, kwenye reli ya mlimani ya Brienz, tangu 1992 wana magarimoshi mapya ya mvuke yanayochoma mafuta mepesi, yanayoendeshwa na mtu mmoja, na boila yake inaweza kupashwa kwa umeme usiku bila mtu kulala nayo. Kuna atakayesema tuchome mawese. Tafadhali. Mawese ni ya migebuka.

Nani aifanye kazi hii? Tabora kuna chuo cha reli. Kufungua boila, kupima unene wa chuma, kuchomelea kwa kiwango kinachokaguliwa, kuchonga spea ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza tena: mwanafunzi aliyepitia hayo hatatishwa na mashine yoyote. Mtu atauliza fedha, na ana haki. Tangu 2024 treni za umeme zinakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na mkataba wa SGR kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Sisemi mvuke ubebe shehena ya Burundi. Nasema injini moja, mabehewa manne, safari za kiangazi kutoka Kigoma hadi Uvinza na kurudi. Kama hesabu haikubali hata hiyo, basi tusiiwashe, na tusiidanganye kwa rangi. Tuiweke ndani penye paa, imepakwa grisi nene kama ile ya 1916, mpaka apatikane mwenye uwezo.

Kijana wa picha alikuwa ameshaanza kushawishika. Akamgeukia mzee, akamuuliza kama angekubali kuiwasha injini ya namna hiyo, yenye beringi mpya na boila inayopashwa na umeme. Mzee enzi zake alikuwa anaamka saa nane usiku kuanza moto, ili treni ya asubuhi iondoke na mvuke wa kutosha.

Alizungusha kikombe, akamalizia kahawa.

"Ningeamka saa kumi na mbili," akasema, "nikapiga mswaki."