Wiki mbili ni za kidonda tu

Kuna makala nimesoma, yanasema aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji ili apungue uzito hurudia maisha ya kawaida baada ya wiki mbili. Kazini, labda. Mezani, thubutu! Mimi nilifanyiwa ule wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, na wiki mbili zilipoisha ndiyo kwanza natoka kwenye vimiminika naingia vyakula vya kupondwa. Kilichonitesa si njaa, ni maji. Huwezi kuyagida. Ni funda dogo dogo kutwa nzima, na ukishakula unasubiri kama dakika 30 ndipo unywe. Protini unaianza wewe kabla ya kingine chochote. Gramu 60 kwa siku, kwa tumbo lile, ni kibarua. Vitu vitamu nilijaribu mara moja: moyo mbio, jasho, kuhara. Mwezi wa nne nywele zikanyonyoka (hakuna aliyenionya), baadaye zikaota tena. Na vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote. Chuma na kalsiamu havimezwi pamoja, viachanishwe angalau saa 2. Hilo nalo mwandishi kaliruka.